Shajara ya kizibo cha sinki la bafuni: maji hayakai, kabati linalowa

Naandika hii kwa hatua, kila nikimaliza sehemu naongeza, ili mwenye sinki la aina hii aweze kufuata bila kuanza kukaza nati asiyojua inazuia nini. Sinki lenyewe ni la kauri, la kunawia, lina tundu la juu la kuzuia maji yasimwagike, na kizibo chake ni kile cha chuma kinachopanda na kushuka ukivuta kijiti kilichosimama nyuma ya koki. Bomba la kutoa maji ni milimita 32, saizi ya kawaida kabisa kwa masinki ya bafuni (ya jikoni mengi ni 40), na ukienda kutafuta vipuri hiyo ndo namba ya kwanza utakayoulizwa kwaiyo pima kabisa.

Jumamosi, 8 Machi: kutafuta njia ya maji

Malalamiko ni mawili. Ukifunga kizibo ukajaza maji, ukirudi baadae unakuta yamepungua yenyewe. Na kabati la chini lina unyevu, ubao wa sakafu yake umeanza kuvimba pembeni.

Watu wanayaweka haya kwenye kapu moja wanasema "sinki linavuja", alafu wanakaza kila nati wanayoiona. Lakini maji yanayoponyoka pembeni ya kizibo yanaingia kwenye bomba na kwenda zake, hayawezi kulowesha kabati. Yanayolowesha kabati yametoka nje ya bomba mahali fulani. Yani unaweza kutibu moja ukamaliza kabisa na lingine likabaki vilevile, na ndo maana siku ya kwanza sikufungua kitu chochote, nimepima tu.

Nilifuta mabomba yote ya chini kwa kitambaa mpaka yakakauka, nikazungushia tishu kavu kila maungio: chini ya nati kubwa inayobana dreni (lile bomba fupi linaloshuka kutoka tundu la sinki) kwenye sinki, kwenye nati ndogo ya nyuma inapoingilia rodi ya kizibo (fimbo nyembamba inayokipandisha na kukishusha), na kwenye nati zote za trapu, lile bomba lililopinda linalobaki na maji ndani kuzuia harufu. Tishu ni muhimu kwa sababu tone halidondoki pale linapotokea, linatambaa kwenye bomba mpaka sehemu ya chini kabisa ndo linaachia, kwaiyo ukiangalia tone utalaumu trapu isiyo na kosa lolote.

Kipimo cha kwanza, kizibo kimefungwa, beseni limejaa, kipande cha tepu kimebandikwa sawasawa na usawa wa maji. Nusu saa baadae maji yameshuka chini ya tepu na unaona kwa macho, tishu zote kavu. Kipimo cha pili, nikafungua kizibo maji yakashuka kwa kishindo, na tishu ya nati ndogo ya nyuma ikalowa hapohapo, zingine kavu. Hii ina sababu yake: kizibo kikiwa kimefungwa dreni ya chini ni tupu, hakuna maji ya kuvuja. Ukifungua inajaa ghafla na maji yanasukuma kwenye lile tundu la rodi. Ndo maana mtu anakaa kabatini na tochi, kajaza sinki, anasubiri tone na halionekani, anasema limepona.

Gharama ya leo tishu na uvumilivu.

Jumapili, 9 Machi: kizibo na mpira wake

Vizibo vya aina hii vinatoka kwa njia tofauti. Vingine unanyanyua tu, vingine unazungusha robo ukinyanyua, na vingine, kama hiki, vina kitanzi chini na rodi inapita katikati ya kitanzi, hakitoki mpaka uchomoe rodi. Unaweka chombo chini, unafungua nati ndogo ya nyuma kwa mkono, unavuta rodi kuja kwako, kizibo kinatoka kwa juu.

Kilichotoka nacho sitaelezea sana, nywele na sabuni iliyoganda, mnajua wenyewe. Ila angalieni hizo nywele zilikaa wapi: zilikuwa zimejizungusha kwenye shingo ya kizibo chini tu ya mpira, kwaiyo mpira ulikuwa umekalia nywele badala ya kukalia chuma. Unywele mmoja ukilala hapo unatosha kabisa kuacha njia ya maji.

Nimesafisha, nikaloweka kizibo kwenye siki ya uvuguvugu kama nusu saa ili ule ukoko mweupe wa maji ulainike, nikasugua na mswaki wa zamani. Msilaze usiku kucha kwenye siki, asidi inakula ule mng'ao wa juu na ukishatoka haurudi. Pia sugua ukingo wa ndani wa dreni pale kizibo kinapokaa, pitisha kidole, ukisikia kikwaruzo bado hujamaliza.

Mpira wenyewe ulikuwa umekakamaa na una mkunjo upande mmoja. Nikajaribu kuugeuza, upande wa juu ukae chini. Ulishika vizuri siku ileile tu, baada ya hapo ukarudi kulekule, maana mpira uliokufa umekufa pande zote. Njia nyingine iliyojaribiwa ni kuupaka silikoni kidogo ili ujaze ule mkunjo, hii ni mbaya zaidi, silikoni haishiki kwenye mpira wenye utelezi wa sabuni, inaacha uvimbe na kizibo kinakaa upande. Nimeibandua yote kwa kucha.

Dawa ni mpira mpya. Nenda na wa zamani mkononi, usiende na kipimo cha kichwani, maana tofauti ya unene ambayo huioni kwa macho inafanya kizibo kisishuke au kishuke bila kugusa. Ukitaka kulainisha tumia grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando usitumie, yanavimbisha aina nyingi za mpira na unajikuta umerudi mwanzo.

Matokeo: maji yanakaa muda mrefu zaidi lakini bado yanashuka. Nikaangalia kwa karibu kizibo kikiwa kimefungwa, upande wa nyuma kuna uwazi mwembamba, hakishuki mpaka mwisho.

Jumamosi, 15 Machi: marekebisho ya rodi

Hapa hakuna kipuri cha kununua, ni marekebisho tu, lakini ndo sehemu inayowachanganya wengi kwa sababu kila kitu kinakwenda kinyume. Rodi ya chini inafanya kazi kama ubao wa pembea wa watoto, katikati kuna gololi imekaa kwenye nati, ncha moja iko ndani ya dreni imeshika kizibo na ncha nyingine iko nje kabatini. Ukivuta kijiti cha juu, ncha ya nje inapanda, ya ndani inashuka, kizibo kinafunga. Kwaiyo kizibo kisiposhuka vya kutosha, unachohitaji ni ncha ya NJE ipande zaidi.

Ncha ya nje imeshikwa na ufito bapa wenye matundu mengi, na huo ufito umefungwa kwenye kijiti cha juu kwa skrubu ndogo. Kuna klipu ya springi inayobana rodi isichomoke kwenye tundu. Una njia mbili. Njia ya kwanza unalegeza skrubu, unasukuma rodi ya nje juu kwa mkono mpaka kizibo kikae chini kabisa, unapandisha kijiti cha juu ila uache nafasi kidogo tu ya kuvuta, alafu unakaza skrubu hapo. Ya pili unabana klipu, unachomoa rodi na kuihamishia tundu la juu yake.

Nilianza na hiyo ya pili kwa sababu ilionekana rahisi, tundu moja tu juu. Kizibo kikafunga vizuri lakini sasa hakifunguki vya kutosha, maji yanatoka taratibu mno, yanajaa beseni wakati wa kunawa. Matundu yana hatua kubwa, ukiruka moja unapitiliza. Nikarudisha tundu la mwanzo nikatumia skrubu, ambayo unaweza kusogeza kidogokidogo, ikakubali. Ile skrubu huwa imeshika kutu, tia tone la mafuta ya kulegezea uache kidogo, ukilazimisha na bisibisi unakula kichwa chake na hapo ufito wote unakuwa wa kubadilisha.

Jambo la kuchunga: msikaze mpaka kizibo kiwe kinalazimishwa chini kwa nguvu. Ukivuta kijiti na ukasikia chuma kinapinda, umezidisha. Rodi nyembamba inapinda polepole na marekebisho yote yanapotea.

Baada ya hapa uwazi haupo. Maji? Yameshuka tena chini ya tepu, safari hii kwa saa kadhaa. Hapo ndo nikajua kuna njia ya tatu ambayo sijaigusa, lakini nikaiacha kwanza nimalize kabati.

Jumapili, 16 Machi: nati ya gololi

Ushauri wa kwanza utakaoupata kokote ni "ikaze". Nimeikaza. Tishu ikakaa kavu, na kijiti cha juu kikawa kigumu hata kuvuta, kinarudi chenyewe nusu njia. Nikalegeza kidogo kiweze kutembea, tone likarudi. Ukiwa kwenye hali hii, kwamba ikikaa kavu haitembei na ikitembea haikai kavu, acha kukaza. Washa za ndani, zile pete laini za kuzuia maji, zimeisha.

Jaribio lililofuata lilikuwa tepu nyeupe ya nyuzi, ile wanayozungushia mafundi bomba. Nikazungusha kwenye nyuzi za dreni, nikafunga nati. Haikusaidia kitu, na ukifikiria haiwezi kusaidia, maana pale sio nyuzi zinazozuia maji. Nyuzi zinasukuma tu, kinachozuia ni gololi kubanwa kati ya washa mbili, moja iko nyuma yake ndani ya tundu na nyingine mbele yake ndani ya nati. Maji yakishapita gololi yanatoka kwenye lile tundu la katikati la nati ambako rodi inapita, hayahitaji hata kuzigusa nyuzi. Tepu ikizidi inafanya kingine tena, inazuia nati isifike mwisho, kwaiyo washa hazibanwi kabisa.

Nikafungua yote. Washa ya ndani ilikuwa imeliwa upande wa chini, na gololi ya plastiki ina mstari wa mviringo uliochimbika unaoushika kwa ukucha. Washa mpya juu ya gololi iliyochimbika ingeshika wiki chache. Zinauzwa kama seti, rodi na gololi yake na washa na nati, na bei ya seti ni ndogo kiasi kwamba kununua washa peke yake hakuna maana. Angalia tu unene wa gololi, kuna saizi zaidi ya moja, na seti nyingi zinakuja na gololi mbili ili uchague.

Mpangilio wakati wa kurudisha: washa ya ndani kwanza, hakikisha imelala bapa kwenye kitako chake na haijasimama upande (tumia kidole, huwezi kuona), alafu rodi na gololi, washa ya nje, nati. Wakati unaingiza rodi mtu wa pili ashikilie kizibo ili kitanzi kiangalie nyuma, ukiwa peke yako utapapasa sana. Nati ya plastiki anza kuizungusha kinyume mpaka usikie imedondoka kwenye nyuzi, ndo uanze kuikaza, vinginevyo inaingia kimshazari na nyuzi zake laini zinaharibika mara moja. Kaza kwa mkono, alafu robo mzunguko kwa plaizi, vuta kijiti, kikitembea laini simama hapo. Fungua maji, ukiona unyevu ongeza kidogo sana.

Jumatano, 19 Machi

Nati ya gololi kavu. Tishu imekaa pale tangu Jumapili na sinki linatumika kila siku, haijalowa. Kabati nimeliacha milango wazi ubao ukauke.

Ile rodi ya zamani nimeiangalia vizuri, imeliwa na kutu pale inapotokea kwenye gololi, imebaki nyembamba. Ikikatika pale kizibo kinadondoka kikiwa kimefunga na huna namna ya kukifungua kwa juu, kwaiyo mwenye rodi ya namna hiyo asisubiri.

Jumamosi, 22 Machi: njia ya tatu

Sasa maji yanashuka kwenye beseni na kabati kavu, mpira mpya, kizibo kinakaa mpaka chini. Yanapita wapi?

Masinki yenye tundu la juu yana mfereji uliofichwa ndani ya ukuta wa kauri, unashuka kutoka lile tundu mpaka kwenye dreni. Ili maji ya mfereji huo yaingie kwenye bomba, dreni yenyewe ina matundu ubavuni, chini kidogo ya pete ya juu ile ya kung'aa unayoiona ukiangalia ndani ya beseni. Pete imekalia puti, ile dawa laini kama udongo ya kuzibia maji. Puti ikikauka na kupasuka, maji ya beseni yanapita chini ya pete, yanaingia kwenye ule mfereji, yanarudi ndani ya dreni kwa matundu ya ubavuni, yanaenda zake. Hayagusi kizibo kabisa. Kizibo ukibadilisha hata kila mwezi, maji yatashuka tu, na hutaona tone hata moja kabatini. Nadhani vizibo vingi vizima vimetupwa kwa sababu ya puti.

Kuthibitisha kabla ya kubomoa, nimetumia vipande viwili vya mpira bapa vilivyokatwa kutoka tyubu ya zamani. Kimoja kikubwa kinachofunika kizibo na pete yote na kuzidi ukingo wake wa nje. Kingine kidogo kinachofunika kizibo na tundu tu na kinaishia juu ya pete. Ukiweka kikubwa, maji yakasimama, alafu ukaweka kidogo maji yakashuka, basi yanapita nje ya pete. Kikubwa kilisimamisha maji kabisa. Kidogo hakikubadilisha kitu, yalishuka kwa mwendo uleule. Kama kidogo nacho kingesimamisha maji, tatizo lingekuwa kizibo na ningerudi hatua ya nyuma.

Kuna fundi alipita kuangalia kitu kingine akashauri nibandike silikoni kwa juu kuzunguka pete. Inawezekana, na kwa muda inashika, ila pete inapokea maji ya moto na ya baridi na kusuguliwa kila siku, silikoni ya juu inaanza kunyanyuka pembeni na inashika uchafu mweusi. Pia inakuzibia njia ya kutoa dreni siku ukiihitaji. Nimeamua kuitoa.

Jumapili, 23 Machi: kutoa dreni

Ndoo chini ya trapu, nati za trapu kwa mkono, maji yake yamwagwe kwenye ndoo na SIO kwenye sinki lisilo na bomba (nasema tu). Rodi nje, ufito nje, bomba refu la chini linafunguliwa kutoka kwenye dreni. Hadi hapa ni kazi nyepesi.

Nati kubwa inayobana dreni kwa chini ndo kazi. Ilikuwa ya shaba, imeshika. Ukiizungusha, dreni nzima inazunguka nayo juu kwenye beseni na hakuna kinachofunguka. Dreni hizi hazina msalaba ndani wa kuzuia, kwaiyo mbinu ni kuingiza mikono ya plaizi kwa juu ndani ya tundu, kuipanua ibane kuta, na kupitisha bisibisi katikati kama mpini, mtu mmoja azuie juu na mwingine azungushe chini. Nilitia mafuta ya kulegezea, nikasubiri, haikutembea. Nikapasha nati kwa mashine ya kukaushia nywele, ikatembea kidogo ikagoma tena. Kugonga sikupendelea, kauri haisamehe.

Mwishowe msumeno wa chuma, kukata nati kwa mshazari bila kufika kwenye kauri, alafu bisibisi kwenye mkato na kuizungusha, ikapasuka. Kama dreni yako ni ya zamani panga tangu mwanzo kwamba utanunua dreni nzima mpya pamoja na pete na nati, itakuokolea hasira. Hakikisha tu mpya ina matundu ya ubavuni kama sinki lina tundu la juu, na haina kama sinki halina. Ukiweka isiyo na matundu kwenye sinki lenye mfereji, maji ya mfereji hayana pa kwenda, yanabaki yanaoza humo.

Hapa ndo mtu anaweza kuhamia kwenye kizibo cha kubonyeza, ambacho hakina rodi kabisa. Nimefikiria. Faida yake hakuna gololi ya kuvuja. Hasara yake springi ya ndani ikichoka kinagoma kufunga au kufungua, na mashine yake inakaa katikati ya njia ya maji inashika nywele zaidi. Kwa kuwa seti ya rodi ilikuwa mpya tayari, nimebaki na rodi.

Chini ya pete kulikuwa na puti imekuwa unga mkavu, unaukuna kwa kucha unadondoka. Imekwanguliwa kwa kipande cha plastiki (chuma kinachora kauri), ikafutwa na spiriti mpaka ukipitisha kidole kinapiga kelele.

Puti mpya: finyanga kamba yenye unene wa penseli, izungushe chini ya pete, shusha dreni kwa juu. Kwa chini mpira mnene wa koni, ncha nyembamba ikiangalia JUU kwenye sinki, alafu washa bapa, alafu nati. Tundu la rodi liangalie nyuma kabla hujakaza. Zungusha nati tu, dreni yenyewe isizunguke, ikizunguka inaburuta puti na kuacha mapengo. Puti itafinywa pembeni, iliyozidi ondoa. Sinki likiwa la marumaru au jiwe lingine la asili usitumie puti, mafuta yake yananyonywa na jiwe na doa halitoki, tumia silikoni. Dreni nyingi za plastiki nazo zimeandikwa kabisa kwamba puti hairuhusiwi, soma kwenye boksi.

Jumatatu, 24 Machi: inavuja sehemu mpya

Maji kwenye beseni yamesimama juu ya tepu usiku wote, hayajatembea. Puti imefanya kazi yake.

Ila tishu ya nati kubwa imelowa. Hapa pamekuwa pakavu tangu mwanzo wa hii kazi. Nikakaza nati, ikapungua, haikuisha. Ukipima kwa kujaza mpaka maji yaanze kuingia tundu la juu, tone linaongezeka sana, maana yake ni maji ya mfereji. Yanajaa kuzunguka dreni juu ya mpira wa koni na yanatafuta pa kutokea. Mpira unabana kauri vizuri kwa nje, lakini kwa ndani unabana nyuzi, na nyuzi ni ngazi ya mzunguko inayoshuka moja kwa moja hadi chini ya nati. Maji yanafuata hiyo ngazi. Dreni ya zamani ilikuwa imeziba nyuzi kwa ukoko na uchafu wa miaka, mpya ni safi kabisa na nyuzi zake zinameta, ndo maana inavuja ambapo ya zamani haikuvuja.

Hapa tepu nyeupe ina maana, tofauti na kule kwenye gololi, kwa sababu safari hii maji yanapita kwenye nyuzi kweli. Hata hivyo nimechagua silikoni.

Jumamosi, 29 Machi: kurudia kwa chini

Habari njema ni kwamba haikuhitaji kutoa dreni juu. Mtu mmoja anabonyeza pete kwa kiganja isinyanyuke na kuvunja puti, mwingine analegeza nati na kuteremsha washa na mpira. Kausha nyuzi kabisa. Pakaa silikoni kwenye nyuzi pale mpira utakapokaa, na mduara mwembamba juu ya mpira wenyewe unapogusa kauri, pandisha, kaza nati mpaka mpira uanze kutuna kidogo pembeni, basi. Ukiendelea kukaza baada ya hapo mpira unatoka nje ya nafasi yake.

Silikoni iachwe saa 24 kabla ya maji. Boksi linaweza kusema inakauka juu kwa dakika chache, huo ni utando tu. Sinki likafungwa na karatasi imebandikwa juu ya koki ili asije mtu akanawa kwa mazoea.

Trapu imerudishwa kesho yake, washa zake za koni zinaangalia kule zinakoingia kwenye maungio, bila tepu, kwa mkono.

Jumamosi, 12 Aprili

Tishu zote kavu, pamoja na kipimo cha kujaza mpaka tundu la juu na kuachia kwa mkupuo, ambacho ndo kigumu kuliko vyote kwa sababu kinapima nati kubwa, gololi na trapu kwa pamoja. Nati ya gololi niliiongeza kidogo wiki ya kwanza, washa mpya zinalala kidogo zikishabanwa, ni kawaida.

Kilichonunuliwa, kutoka ghali kwenda rahisi: dreni nzima (nati yake ililazimika kukatwa), seti ya rodi na gololi, silikoni, puti, mpira wa kizibo. Dreni peke yake imezidi vingine vyote vikijumlishwa. Ubao wa kabati haujarudi bapa na hautarudi, nimeupaka rangi ya mafuta kwenye ukingo usinywe maji tena. Muda mwingi umekwenda kwenye kukata nati na kusubiri silikoni, vipimo vya tishu vimechukua muda mdogo kabisa.

Kwa walioniuliza kama wanaweza kunyanyua pete, kusafisha chini yake na kuirudisha na puti ileile: hapana, ikishaachia haishiki tena, weka mpya.